Mbuzi ya Mama Ndani ya Kabati la Shangazi

Wiki iliyopita alikuja fundi nyumbani kwangu kurekebisha mlango wa jikoni, kijana mpole mwenye simu mbili na chai yake mwenyewe kwenye chupa. Alipofungua gundi nyeupe ya mbao, ile harufu yake ya siki iliyopoa ilinifikia nikiwa bado ninashuka ngazi. Najua wenzangu wengi wakinusa gundi hukumbuka shule, makaratasi ya rangi na mikono iliyonata. Mimi hukumbuka paja la kulia la mama yangu, na wanawake waliojaa mlangoni wakicheka.

Alipomaliza mlango, fundi alisimama mbele ya kabati langu la sebuleni, akainama, akapitisha kidole juu ya mashimo yake. Aliniambia mbao kama hii siku hizi haionekani, na ni dhambi kuiacha imetobolewa namna ile. Akanieleza kwamba angechukua unga wa mbao, akauchanganya na gundi, akaziba kila shimo, na nisingejua tena palikuwa wapi. Nilimwambia najua jinsi inavyofanywa. Nikamwambia pia asiliguse. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akatutazama wote wawili, kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za ndugu tunajua maana ya kukaa kwa mtu. Unajifunza kufunga mlango bila sauti. Unajifunza kuomba ruhusa ya kuoga, na kujua nani kala kuku na nani kala mchuzi. Sisi tulikaa Barking kwa Shangazi Rukia, dada mkubwa wa baba, aliyetangulia kufika London na kuachiwa nyumba na marehemu mumewe. Hakuwahi kutuambia tuondoke. Alichofanya ni kutukumbusha, karibu kila siku na kwa sauti tamu, kwamba hajawahi kutuambia tuondoke.

Kitu alichokipenda kuliko watu ni kabati lake la mninga, lililokuja kwa meli kutoka Dar likiwa limejazwa vyombo na kufungwa magodoro. Alipolipokea aliliweka karibu na hita, na hakuna aliyemshangaa, kwa sababu kwetu kitu bora huwekwa mahali bora, na mahali bora kwenye nyumba ya London ni karibu na hita. Mzungu asingefanya hivyo. Baba mwenyewe, aliyekuwa seremala Zanzibar kabla hajawa mbeba maboksi kwenye ghala, alisaidia kulisukuma hadi hapo. Hakujua bado joto la hita hufanya nini kwa mbao iliyozoea hewa ya pwani.

Mama naye alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, nayo ya mninga. Alipewa na mama yake siku alipotolewa kwao kuolewa, pamoja na vyungu na upawa, na katika vyombo vyote hivyo mbuzi ndiyo pekee aliyoibeba hadi Uingereza, imefungwa kanga, ulimi wake wa chuma umezungushiwa gazeti. Alinisimulia kwamba pale uwanja wa ndege askari mmoja aliigeuza-geuza, akauliza ni silaha ya namna gani, na yeye, kwa kuwa hakuwa na Kiingereza, aliikunjua sakafuni, akaikalia, akamwonyesha kwa mikono jinsi nazi inavyokunwa. Wakampitisha. Ilikuwa hadithi yake ya pekee ya kuchekesha kuhusu safari ile.

Katika nyumba ya shangazi kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Sofa kubwa lilikuwa la shangazi, dogo la wageni, kiti cha mikono cha baba, na sisi watoto zulia. Sikumbuki hata siku moja kumwona mama amekaa kwenye sofa. Alikaa jikoni, kwenye mbuzi yake, hata siku zisizo na nazi. Alikatia vitunguu hapo, alinisukia nywele hapo, alisikiliza redio hapo. Nilidhani kila mama ana kiti chake chenye ulimi wa chuma.

Majira ya baridi ya kwanza kabati lilipasuka. Ufa ulianzia kona ya mlango wa chini ukapanda juu, na shangazi alilia kama aliyefiwa. Baba alilitazama, akasema halijafa, linazibika. Jumamosi ile alikwenda kwenye banda lake nyuma ya nyumba, akakwangua kipande cha msonobari kwa msasa, akapitisha unga wake kwenye chujio la chai, akauchanganya na gundi juu ya kisosi na kumiminia chai nzito isiyo na maziwa ili upate rangi. Alinieleza kila hatua kwa sababu alikuwa anafurahi, na baba akifurahi alikuwa mwalimu. Kwanza unatoa mbao iliyokufa, usiache hata kijiti kilicholegea. Gundi isizidi, ikizidi inameta na kukataa rangi. Mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mtoto anayeanza kula. Ujaze mpaka ufure kidogo juu ya mbao, maana ukikauka utabonyea. Kisha uuache, ulale.

Kulipokucha shangazi alivaa miwani, akalitazama kabati lake, akasema limeota mba.

Ni kweli, ile sehemu ilikuwa nyeupe na mninga ni mwekundu. Baba alieleza kwamba puti nzuri, yaani huo mchanganyiko wa kuzibia, inataka unga wa mbao ileile, na London mninga hauuzwi. Hapo shangazi aligeuka taratibu kuelekea jikoni, ambako mama alikuwa amekaa anachambua mchele.

"Ile si mninga, Hamadi?" alimuuliza baba.

Mama hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni ya mama yake. Shangazi akasema nani kasema iliwe, ni kukwangua kidogo tu, na tena siku hizi nani anakuna nazi London, tui la kopo limejaa kila duka. Baba alisimama katikati, kati ya sebule na jikoni, ana msasa mkononi. Nakumbuka nilimwonea fahari, kwa kuwa wote wawili walikuwa wanamtaka yeye.

"Ni vumbi tu, mama Zena," alisema. "Nitachukua pasipoonekana."

Mama akainuka, akampa.

Basi aliipindua mbuzi magotini, akaikwangua kwa ndani, pale mbao mbili zinapopishana na kushikana kwa msumari. Vumbi jekundu lilishuka juu ya gazeti, zuri, lenye harufu tamu, tofauti kabisa na lile la msonobari. Alilichanganya na gundi, akaziba ufa upya, akapaka mafuta. Ule ufa ulitoweka. Shangazi alipitisha kidole akatabasamu, na baba naye akatabasamu, na mimi nikaenda kumwambia mama kwamba mbuzi yake imeliponya kabati. Ndivyo nilivyoelewa. Bibi yangu wa Zanzibar alikuwa amewahi kuchangia damu hospitali, tulisimuliwa habari hiyo kama jambo kubwa, na nikaona ni yaleyale. Mama alinitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Baada ya hapo kabati halikupona. Haikupita muda mrefu kikaonekana kishimo kwenye droo. Kikazibwa. Kikaonekana kingine pembeni, kisha chini ya kitasa. Kila mara shangazi alimwita baba kwa huzuni, "Hamadi, njoo uone balaa," na kila mara baba alikwenda jikoni, mama akainuka, ile mbuzi ikatoka nje kwenda bandani na kurudi nyepesi kidogo. Baba alisema hali ya hewa ndiyo inayokula mbao. Mimi nilisema labda ni wadudu. Shangazi alinibusu kwenye paji la uso akasema nina akili.

Siku moja sikwenda shule kwa sababu ya homa. Baba alikuwa ghala, mama alikuwa kwenye kibarua chake cha kusafisha ofisi, na mimi niliteremka kutafuta maji. Shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, ana uma wa mezani mkononi, anachokoa mbao karibu na bawaba. Alifanya kwa utulivu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Aliponiona hakushtuka.

"Naangalia kama imekauka," alisema. "Nenda ukalale."

Nami nikaamini. Baba mwenyewe alinifundisha kwamba kabla ya kujaza unatoa mbao iliyokufa, na hapo nilimwona shangazi anaitoa. Nilipanda ngazi nikiwa nimempenda zaidi. Nilijiambia kwamba maneno yake makali ni ya mdomoni tu, kumbe kwa siri anamrahisishia baba kazi.

Jioni tulipokuwa mezani nilimsifu. Nilisema, kwa Kiingereza kwa kuwa hicho ndicho nilichokuwa nacho cha haraka, kwamba leo shangazi amemsaidia baba, amechimba shimo jipya kwa uma, limekuwa safi kabisa, baba atakuja kulijaza tu.

Kijiko cha baba kilisimama juu ya sahani. Mama alimtazama baba, si shangazi, alimtazama baba tu, na aliendelea kumtazama kwa muda ambao hata mimi niliuona mrefu. Shangazi alichukua kipande cha samaki, akakitoa miiba, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Mtoto huyu ana macho," alisema.

Katika nyumba ile Kiingereza kilikuwa marufuku wakati wa kula. Nikadhani ndilo kosa langu. Nikaomba radhi kwa Kiswahili, kwa adabu zote, na baba akasema haya, kula.

Mama alikuwa anangoja Jumamosi. Sasa najua, wakati ule nilimwona tu amekaa kwenye mbuzi yake toka asubuhi bila kazi mikononi, mgongo umenyooka. Alitaka neno moja kutoka kwa baba, na halikuwa neno gumu. Shangazi aliita kutoka sebuleni. Baba akaja jikoni, akasimama mbele ya mama, akanyoosha mkono. Mama alichelewa. Kisha akainuka. Niliusikia msasa kutoka bandani, kwenda na kurudi.

Nimekuwa mtu mzima, nina watoto na makosa yangu, na bado sijapata namna ya kumtetea baba kwa Jumamosi ile. Shangazi ninamwelewa, alikuwa mbaya tu. Hakuwa na haja na puti wala unga. Alichotaka ni kuona kila wiki mdogo wake ni wa nani, na kila wiki alionyeshwa. Lakini baba alijua anachokikwangua, na alijua ni kwa nini.

Sikukuu ilikuja, na shangazi akawaalika wanawake wa Zanzibar kutoka pande zote za London, waliovaa dhahabu na viatu vya kubana. Asubuhi alitangaza kwamba wageni kama hawa hawalishwi tui la kopo. Alikuwa amenunua nazi sokoni mwenyewe, akazipanga jikoni, akamwambia mama, "Wifi, leo tuonyeshe ufundi wa kwenu." Mama akavua bangili, akakunja gauni, akaikalia mbuzi, akaanza kukuna. Wanawake walisimama mlangoni wakipiga soga naye, wakisema wamesahau sauti hiyo, imewarudisha nyumbani.

Ilivunjika akiwa ameinama mbele, uzito wote uko kwenye nazi. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu. Mama alishuka chini na ule ulimi wa chuma ukageuka, meno yake yakaingia kwenye paja. Kabla damu haijaonekana kupitia gauni shangazi alisema kutoka nyuma ya watu.

"Wifi umenenepa."

Wakacheka. Sitaki kuwaonea, pengine walicheka kwa kushtuka, na waliponyamaza walileta taulo. Lakini walicheka kwanza, na mama alikuwa chini, miguu imetanuka, machicha ya nazi mpaka kwenye nywele. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa kuwa wakubwa wamecheka. Baba alikuja mbio. Kitu cha kwanza alichokiokota kilikuwa mbao. Aliitazama pale ilipokatikia, kwa ndani, penye msumari. Ilikuwa imebaki nyembamba kama biskuti.

Mama alikuwa amelibana paja kwa mikono miwili. Alimtazama kutoka chini.

"Pasipoonekana," alisema.

Alishonwa hospitali, akarudi na makovu ya nukta zilizopangwa mstari, ambazo nilipenda kuzihesabu kwa kidole mpaka aliponikataza. Siku chache baadaye shangazi akasema kwa kuwa sasa mbuzi imeshakufa, si bora Hamadi aisage yote, tuwe na unga wa akiba. Na baba akaisaga. Ndiyo, aliisaga, mpaka kijiti cha mwisho, akaujaza kwenye chupa ya jamu, na shangazi akaiweka chupa ndani ya kabati pamoja na vikombe vya wageni. Ulimi wa chuma mama aliutupa mwenyewe. Ajabu ya Mungu, tangu siku hiyo kabati halikutoboka tena.

Tulihama hatimaye, tukapata nyumba ya kaunsili, zile za kupanga kwa serikali, na mama akachagua sofa. Baba hakuwahi kuizungumzia mbuzi mpaka alipougua. Nilikuwa kando ya kitanda chake hospitali alipomwambia mama, "Nilikuwa sina kwangu, mke wangu."

Mama alimfunika shuka mpaka kifuani, akalinyoosha vizuri.

"Hata mimi nilikuwa sina," alimjibu. "Nilikuwa na mbuzi."

Baba alikufa wiki ileile. Mama alimlilia kwa haki yote ya mke, na sijui zaidi ya hapo.

Shangazi alizeeka peke yake. Watoto wake walikuwa Kanada wakituma picha, na mama alipofika umri wa kupumzika ndiye aliyekuwa akienda Barking kila siku kumwogesha na kumlisha. Watu wa msikitini walimsifu. Na kweli alimwogesha vizuri, alimgeuza asipate vidonda, alimkata kucha. Lakini shangazi alikuwa anatamani wali wa nazi. Mdomo wake uliokuwa umepoteza ladha ya mengi ulikuwa bado na hamu hiyo moja. Kila siku aliomba, na kila siku mama alimletea wali wa maji, mweupe, usio na kitu, akamwambia kwa upole uleule, "Mbuzi hatuna, wifi." Makopo ya tui yalikuwa kwenye rafu, nyuma ya mgongo wake, nimeyaona kwa macho yangu. Siku moja shangazi alilia kama mtoto, akanishika mkono mimi nimwombee. Niliyatazama yale makopo, nikamwambia ale wali usije ukapoa. Nilifurahi. Sitaki kusema vingine.

Alipokufa, watoto wake waliuza nyumba na kusema kabati halina thamani ya nauli. Mama akaniambia nilichukue. Nilikataa, tukagombana, kisha nikalichukua, kwa kuwa mama hakuwahi kuniomba samani. Vijana wa gari walilisimamisha sebuleni kwangu, ndani yake bado iko ile chupa ya jamu. Jua la dirishani la miaka yote lilikuwa limelififisha kabati, lakini puti haififii sawa na mbao. Kila mahali baba alipoziba palionekana sasa, vidoa vyekundu vilivyokoza, kwenye droo, chini ya kitasa, karibu na bawaba.

Asubuhi yake niliteremka nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda mbele ya kabati, ana uma wa mezani. Alikuwa anachokoa kidoa cha kwanza, taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Puti ilitoka vipande vipande, akaviokota kwa kidole kilicholowa mate, akavitia kwenye chupa juu ya ule unga. Nilisimama kwenye ngazi nikiwa na miguu ileile ya utotoni, na safari hii nilielewa ninachokiona.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anachukua chake. Nilimwambia kwamba gundi imeshaingia, haitakuwa mbuzi tena, na kwamba kama ni kuumia ameumia vya kutosha. Alihamia droo. Hapo ndipo nilipomuuliza kile nilichokuwa nakiogopa tangu siku ile ya mezani, kama alimsamehe baba.

Uma ulisimama kidogo.

"Baba yako alichukua pasipoonekana," alisema. "Mimi nachukua panapoonekana."

Kisha akaniomba nimwashie taa, aone vizuri.